Mbio na nguvu kwa vijana wetu: si uzito unaowavunja, ni kukosa kipimo

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, vijana hukimbia kandoni mwa barabara za Goma, Bukavu, Uvira, Beni na Lubumbashi. Wengine hupanda mlima wakiwa wamebeba mwenzao mgongoni, wengine huinua vyuma vya gari vilivyochomelewa kienyeji. Hamu hiyo iliongezeka tangu Novemba 2025, pale Leopards walipoitoa Kameruni kwa bao 1-0, kisha Nigeria kwa penalti, huko Rabat. Na sasa kuna tarehe nyingine ya kutazama: kuanzia 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, Dakar imepangiwa kupokea Michezo ya Olimpiki ya Vijana, kwa wanamichezo wasiozidi miaka 17. Itakuwa mara ya kwanza mashindano ya Olimpiki kufanyika katika ardhi ya Afrika.

Nchi yetu ilishiriki Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1968 huko Mexico. Hadi leo haijapata medali hata moja. Kila tunaporudi mikono mitupu tunasema: hakuna viwanja, hakuna pesa, serikali haijali. Maneno hayo yana ukweli. Lakini liko jambo lingine ambalo hatulisemi: vijana wetu wengi huharibika mapema, kati ya miaka 12 na 17, kwa sababu wanafundishwa bila kipimo. Na jambo hilo linaweza kurekebishwa hata katika kiwanja cha mawe.

Uzito haumfanyi mtoto awe mfupi

Wazazi wengi wanaamini kwamba mtoto akiinua kitu kizito hatarefuka. Kwa sababu hiyo wengine wanakataza kabisa mazoezi ya nguvu hadi kijana afike miaka 18. Mwaka 2014, wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja katika jarida la British Journal of Sports Medicine. Walisema kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa na mtu mwenye ujuzi ni salama kwa watoto na vijana, na kwamba hakuna ushahidi kuwa yanazuia kukua. Kinyume chake, yanaimarisha mifupa na kupunguza majeraha.

Tuangalie pia maisha yetu wenyewe. Bidoni ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mtoto wa miaka 12 mwenye kilo 38 anayeipandisha mlimani amebeba zaidi ya nusu ya uzito wake, mara mbili au tatu kwa siku, bila mtu wa kumwonyesha namna ya kuweka mgongo. Kijana anayesukuma chukudu hufanya kazi kubwa kuliko mazoezi ya kocha yeyote. Kwa hiyo swali si kama watoto wetu wabebe uzito au wasibebe. Tayari wanabeba. Swali ni nani anayehesabu. Kocha anayempokea mtoto saa kumi jioni anapaswa kwanza kumuuliza amefanya kazi gani tangu asubuhi. Kama amechota maji mara tatu, miguu yake imekwisha kufanya mazoezi ya siku.

Kinachoweza kweli kuzuia urefu ni kitu kinachouzwa sokoni bila woga: vidonge vya kunenepesha, hasa vile vyenye dexamethasone. Vinauvimbisha mwili kwa maji na mafuta, na mtu anadhani amepata nguvu. Vikitumiwa muda mrefu vinadhoofisha mifupa, vinakula misuli na kuchelewesha kukua kwa mtoto. Zaidi ya hayo, dawa za aina hiyo zimekatazwa wakati wa mashindano. Mzazi anayeogopa vyuma lakini anamnunulia mtoto vidonge hivyo amegeuza mambo.

Mbio si adhabu

Kosa la pili ni la makocha. Timu ikishindwa, adhabu ni kukimbia: kuzunguka kiwanja mara 20, au kupanda mlima hadi mtu atapike. Wanasema wanajenga mbio. Ukweli ni kwamba hawajengi mbio hata kidogo.

Mbio za kasi zinahitaji mwili uliopumzika. Misuli na mishipa ya fahamu hujifunza kwenda haraka pale tu mtu anapokwenda kwa kasi yake yote. Akichoka anajifunza kwenda polepole. Ndiyo maana makocha wa riadha hutumia kanuni rahisi: kwa kila mita 10 za kukimbia kwa nguvu zote, mpe kijana karibu dakika moja ya kupumzika. Akikimbia mita 20, apumzike dakika 2. Mita 30, dakika 3. Mara 6 hadi 10 zinatosha. Na zoezi hili linawekwa mwanzoni, baada ya kupasha mwili moto, si mwishoni wakati miguu imelegea.

Historia ya Popole Misenga inatukumbusha mahali adhabu inapotufikisha. Mzaliwa huyu wa Bukavu alikimbia vita akiwa mtoto, akajifunza judo Kinshasa. Baadaye alieleza kwamba aliposhindwa katika mashindano, makocha walimfungia ndani na kumpa chakula kidogo tu. Mwaka 2013, wakati wa mashindano ya dunia huko Rio de Janeiro, aliondoka kwenye timu na kubaki Brazil. Miaka mitatu baadaye alishinda pambano lake la kwanza la Olimpiki mjini humo humo, akiwa katika timu ya wakimbizi. Nguvu alikuwa nazo. Ni sisi tuliompoteza.

Umri wa karatasi na umri wa mifupa

Jambo la tatu linatuumiza wote, lakini tunalinyamazia: kupunguza miaka. Tunalizungumza kama suala la udanganyifu tu, kumbe ni suala la afya na la mafunzo pia.

Wasichana hurefuka kwa haraka zaidi wakiwa na miaka karibu 12, wavulana karibu 14. Wakati huo mifupa hurefuka kabla misuli haijaifuata. Kijana anakuwa kama amepoteza ustadi wake: anajikwaa, anakosa mpira. Maumivu chini ya goti au kwenye kisigino huanza. Wengi huambiwa ni uvivu, au wamelogwa. Hapana. Ni mwili unaojengwa, na dawa yake kubwa ni kupunguza kuruka na kukimbia kwa kipindi, kisha kurudi hatua kwa hatua. Mzazi anaweza kufuatilia jambo hili kwa chaki tu: weka alama ya urefu wa mtoto mlangoni kila baada ya miezi mitatu. Ukiona amepanda ghafla, mwambie kocha.

Lakini kocha atafanyaje ikiwa hajui umri wa kweli? Kijana wa miaka 16 anayeitwa wa miaka 13 huwashinda wenzake kwa kifua, anachaguliwa, anasifiwa. Mtoto wa kweli wa miaka 13, ambaye labda angekuwa bora zaidi akifika 18, anaachwa au anavunjwa mguu. Halafu yule aliyepunguziwa miaka anafika mbele ya mashine. Tangu mwaka 2009 FIFA hupiga picha ya kifundo cha mkono katika mashindano ya walio chini ya miaka 17, na mifupa ya pale haisomi karatasi za mtu. Hata kwa waliofika mbali, deni linabaki. Mwaka 2021, mchezaji wetu Silas, akiwa Stuttgart huko Ujerumani, alitangaza mwenyewe kwamba jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa na kwamba wakala wake alikuwa amembadilishia jina na mwaka wa kuzaliwa. Alisimamishwa miezi mitatu. Tofauti ilikuwa mwaka mmoja tu.

Kisheria, mtoto huandikishwa bila malipo ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Familia nyingi huacha muda huo upite, na vita vimechoma karatasi za wengine wengi. Hapo ndipo mlango wa udanganyifu unapofunguka. Anayetaka michezo bora aanzie kwa ofisa wa etasivili.

Bila pesa, inawezekana?

Inawezekana, na mfano uko Afrika. Mjini Lagos, watafiti walifuata timu 20 za vijana wa ligi ya mji, zikiwa na wachezaji zaidi ya 400. Nusu ya timu zilianza kila mazoezi kwa programu ya kupasha mwili moto inayoitwa FIFA 11+. Ni dakika 20 hivi za kukimbia taratibu, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri, bila kifaa chochote zaidi ya mpira. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Viwanja vya Lagos si vya Ulaya. Kilichobadilika ni nidhamu ya kila siku.

Hapa kwetu, wiki ya kijana wa miaka 13 hadi 16 inaweza kuwa hivi. Siku mbili za nguvu, zisizofuatana: kuchuchumaa na kusimama, pompi, kujivuta kwenye mti, kulalia viwiko na kukaza tumbo. Mizunguko 2 au 3, mara 6 hadi 15 kila zoezi, na kusimamisha pale umbo linapoharibika. Mfuko wa mchanga unaongezwa tu baada ya kijana kujua zoezi vizuri kwa uzito wake mwenyewe. Siku mbili za mbio fupi na kuruka kamba. Mechi moja. Angalau siku moja ya kupumzika kabisa. Wataalamu wanashauri pia kwamba saa za michezo kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto: mwenye miaka 13 asipite saa 13.

Chakula nacho ni sehemu ya mazoezi. Bugali peke yake haijengi misuli. Maharagi, sambaza au ndagala, karanga, sombe na lengalenga vinapatikana katika masoko yetu kwa bei nafuu kuliko poda yoyote ya duka. Msichana anayefanya mazoezi kisha hedhi ikakatika miezi mitatu, aende kituo cha afya: mara nyingi ni dalili kwamba anatumia nguvu kuliko anavyokula.

Nani afanye nini

Hatuwezi kujifanya kana kwamba mambo ni ya kawaida. Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi Januari na Februari 2025, kusafiri kwenda mashindano ya kitaifa kumekuwa mzigo mkubwa. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na wasafiri wengi wamelazimika kuzunguka kupitia nchi jirani. Kijana wa Kivu anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akakosa njia ya kufika Kinshasa, sembuse Dakar.

Hata hivyo, mashariki imewahi kutoa watu katika hali ngumu. Kutoka Kirotshe, kandoni mwa Ziwa Kivu, Makorobondo Salukombo alikimbilia ugenini akiwa mtoto, kisha akarudi kuwafundisha vijana wa nyumbani kukimbia. Mmoja wa waliotoka katika kundi hilo, Beatrice Kamuchanga, alikimbia mita 5000 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016.

Kwa hiyo ligi za mikoa na entente zinaweza kuanza na mambo mawili ambayo hayangoji amani wala bajeti ya Kinshasa. La kwanza, timu yoyote ya vijana isiandikishwe bila kocha mmoja aliyefundishwa misingi ya mazoezi ya umri huo. La pili, adhabu ya kukimbia ipigwe marufuku kama vile kumpiga mtoto. Mzazi naye ana haki ya kumuuliza kocha maswali matatu: mwanangu anapumzika siku gani, unajua umri wake wa kweli, na akisema anaumia unafanya nini? Kocha asiyeweza kujibu hayo hajastahili kukabidhiwa mtoto, hata kama timu yake inashinda kila Jumapili.