Barua ya Bwana Shamba: Pingili Iliyo Kama Kabari



Mwezi huu tuyaache mahindi kidogo. Huko vijijini naulizwa sana juu ya watoto wenye migongo iliyopinda. Wengine husema mtoto amerogwa. Wengine humlaumu mama kwamba alibeba kuni akiwa na mimba. Maneno hayo yanawaumiza akina mama bure.

Pitisha kidole katikati ya mgongo wako. Unagusa vifupa vilivyopangana. Hizo ni pingili za uti wa mgongo. Kwa kawaida mtoto huzaliwa nazo 33. Huumbika tumboni kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya mimba. Wakati huo akina mama wengine hata hawajui kuwa wana mimba.

Mara chache pingili moja huumbika upande mmoja tu. Inakuwa kama kabari. Fundi akiweka kabari kati ya matofali, ukuta utaegemea upande mmoja. Ukuta ukizidi kwenda juu, utazidi kuegemea. Mtoto naye, kadiri anavyokua, mgongo unaweza kuzidi kupinda.

Kwa macho hatuwezi kuiona pingili hiyo. Picha ya eksirei ndiyo huionyesha. Kupigwa picha hakuumi. Daktari anaweza kupima na figo na moyo, kwa sababu viungo hivyo huumbika wakati ule ule.

Mvueni mtoto shati mmtazame. Je, bega moja liko juu? Mwambieni ainame kama mtu anayepanda mbegu. Je, upande mmoja wa mgongo umeinuka? Je, pana nywele nyingi au kishimo juu ya makalio? Mpelekeni zahanati, muombe barua ya kwenda hospitali yenye eksirei. Msingoje mavuno. Kumkanda hakubadili umbo la mfupa. Kumfunga mbao ni kumtesa.

Msiogope kisu. Si kila mtoto hupasuliwa. Wengine hupigwa picha tena baada ya miezi kadhaa, daktari aone kama mgongo unazidi kupinda. Anayehitaji kupasuliwa, afadhali awahi kabla haujapinda sana.

Lakini miguu ikianza kulegea, au mtoto mkubwa akianza kutokwa na mkojo bila kujua, nendeni siku hiyo hiyo.

Mkipewa picha, itunzeni mahali pakavu. Msiikunje. Safari ya pili nendeni nayo, daktari ailinganishe na ile mpya.