Mbuga Moja, Ofisi Saba

Mvua inayonyesha mkoani Shinyanga ina njia tatu mbele yake. Maji yanayoshikwa na Mto Manonga huteremka hadi Wembere na Ziwa Kitangiri, yakielekea Eyasi, na huko jua huyamaliza. Yanayokwenda kaskazini huingia Ziwa Victoria na kuanza safari ndefu ya Misri. Yale ya upande wa Ushetu, pamoja na wenzao wa Bukombe mkoani Geita, hushuka kuelekea Malagarasi, Ziwa Tanganyika, Mto Kongo, hatimaye Atlantiki. Nchi ambayo abiria wa basi huiona tambarare na kavu tu, kumbe inayagawa maji pande tatu za bara. Kila bonde lina bodi yake ya maji, na makao makuu ya bodi hizo yako Singida, Mwanza na Kigoma.

Toleo hili linahusu ardhi oevu, jina la maofisini kwa kile ambacho Wasukuma na majirani zao huita mbuga: bonde la udongo mweusi unaonasa miguu masika na kupasuka nyufa kiangazi. Masika mbuga ni majaruba ya mpunga. Kiangazi ni malisho, na visima vya kuchimbwa kwa jembe. Dhahabu ikigunduliwa jirani, pembezoni huota mashimo yaitwayo maduara, karasha za kusagia mawe na mialo ya kuoshea, kwa kuwa mawe yaliyosagwa hayaoshwi bila maji.

Sasa hesabu wenye mamlaka. Leseni ya kuchimba hutolewa na Tume ya Madini. Kibali cha kutumia maji ni cha bodi ya bonde. Uchafuzi ni kazi ya NEMC, baraza la mazingira. Miti ikiwa ndani ya msitu wa hifadhi, ni ya TFS, wakala wa misitu; ukisogea hadi pori la akiba la Kigosi, ni eneo la TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Ushuru wa mpunga ni wa halmashauri ya wilaya. Na ardhi yenyewe, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, husimamiwa na halmashauri ya kijiji, ambayo ofisi yake mara nyingi ni chumba kimoja chenye meza na muhuri.

Kila yakitokea mabishano kuhusu mbuga, dawa inayotajwa ni uratibu: maofisa wakutane, waunde kamati, waweke saini hati ya makubaliano. Hatupingi vikao. Lakini tunadhani ugonjwa umekosewa. Maofisa hawa wanafahamiana, wengine ni majirani. Tatizo ni kwamba kila ofisi inaweza kutimiza wajibu wake wote kwa mwaka mzima, vitabu vyake vikakaguliwa na kusifiwa, na bado mbuga ikafa. Hakuna ofisi ambayo mbuga ikifa, hiyo ndiyo iliyoshindwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kando ya mto wenye kingo, mita 60 zinapimika kwa kamba. Mbuga haina kingo. Mpaka wake wa Machi unaweza kuwa nusu kilomita kutoka ule wa Septemba. Mchimbaji anayeambiwa yuko ndani ya mita 60 ana haki ya kuuliza: tangu wapi? Mpaka wa mbuga ukihama kwa msimu, bodi ya maji inajua, mkulima wa mpunga anajua zaidi, ila anayetoa leseni anatazama ramani isiyo na misimu.

Zebaki ni habari nzito zaidi. Mchimbaji mdogo huimimina kwenye mchanga uliooshwa ili inase dhahabu, kisha huchoma. Sehemu hupaa na moshi, sehemu hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, na marudio hayo hununuliwa, husafirishwa na kuchenjuliwa tena kwa sayanidi, mara nyingi mbali na duara lilikotoka. Zebaki ikifika kwenye tope la mbuga lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, aina inayoingia mwilini mwa samaki na kuongezeka kila samaki mkubwa anapomla mdogo. Kambare wa mbuga huvumilia tope hilohilo. Rwamagasa, Geita, ilikuwa kituo cha mradi wa zebaki wa UNIDO ulioanza 2002, Tanzania ikiwa moja ya nchi sita, na mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki. Elimu haikukosekana. Kilichokosekana ni mkono mmoja unaofuata zebaki kutoka dukani hadi dimbwini, kwa kuwa safari hiyo inakatiza madawati ya watu watano.

Ajali zikitokea, ofisi huungana zenyewe. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka na tope likavamia makazi na mashamba. Siku kama hiyo hakuna anayeuliza mpaka wa idara. Sisi tunauliza kuhusu siku za kabla.

Shinyanga ina mfano wake, na inashangaza jinsi tunavyousahau. Misitu ilifyekwa enzi za Mwingereza ili kumfukuza mbung'o; uhamisho wa miaka ya 1970 kwenda vijiji vya ujamaa ukawatenga watu na ngitili zao, zile sehemu za malisho zinazofungwa masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986, ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa hekta 600 hivi. Ulipofungwa 2004, makadirio yalikuwa yamepita hekta 300,000. Serikali ilitoa mabwana misitu, Norwei ilitoa fedha, watafiti wa ICRAF walitoa utaalamu wa miti. Lakini aliyeingiza ng'ombe kwenye ngitili iliyofungwa hakuandikiwa barua na yeyote kati yao. Alikutana na sungusungu, walinzi wa jadi, na kesi yake ikaamuliwa na dagashida, mkutano wa jadi wenye sheria ndogo na faini. Wafadhili na wizara walikuwa wasaidizi wa chombo kilichokuwa na uwezo wa kusema hapana siku hiyohiyo.

Tusiipambe ngitili. Wenye ng'ombe wengi walifunga maeneo makubwa kuliko wajane, na sungusungu wamewahi kuumiza watu wasio na hatia. Tena ngitili ni nyasi na miti zaidi ya maji. Ila utaratibu wake unahamishika.

Linganisha na Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za kimataifa, Aprili 2000, hekta 3,250,000, makazi ya korongo nyangumi na nzohe. Wadenmaki walisaidia kuandaa usimamizi wa pamoja. Lakini huko uamuzi hutoka juu: Kigosi, iliyo sehemu yake, imepandishwa kuwa hifadhi ya taifa kisha ikarudishwa kuwa pori la akiba, na warina asali wa Bukombe wakalazimika kujifunza upya nani wa kumwomba ruhusa.

Mmoja wa waandishi wetu anapendekeza iundwe mamlaka moja ya taifa ya ardhi oevu. Makala yake imeandikwa vizuri na tumeiweka mbele. Hatukubaliani nayo. Mamlaka mpya itahitaji jengo, magari na mpaka wake, nayo itakuwa ofisi ya nane. Tungependelea kila mbuga iwe na jumuiya ya watumia maji yenye sheria ndogo zilizosajiliwa, mchimbaji, mfugaji na mkulima wa mpunga wakiwa ndani, na leseni ya mwalo isitolewe bila muhuri wake. Fedha ya kuiendesha ipo: halmashauri za Geita na Msalala hupokea ushuru wa huduma kutoka migodini kila mwaka, na kuanzia makala ya pili tunauliza ni kiasi gani cha ushuru huo kimewahi kurudi kwenye mbuga.