Nani Aliyetia Dawa Katika Mkorogo?

Ndugu msomaji unayejifunza Kiswahili, bila shaka umekwisha kukutana na neno mkorogo. Limetokana na kitenzi koroga, nalo limesafiri mbali: hata Wanyarwanda, katika lugha yao, husema mukorogo kwa maana ya mafuta ya kubadili rangi ya ngozi. Mwenye kuyapaka, Kiswahili husema anajichubua. Muuzaji halitumii neno hilo kamwe. Yeye husema kung'arisha, kusafisha, kulainisha. Leo tushike neno la watu, kwa maana ndani ya mengi ya makopo na mirija hiyo mna dawa, na mnunuzi hakuambiwa.

Dawa hiyo ni steroidi. Usiichanganye na ile ya kukuza misuli. Hii ni ya jamii ya kortisoli, homoni itengenezwayo na tezi mbili zilizo juu ya figo. Klobetasoli ni miongoni mwa zenye nguvu kupita zote zipakwazo. Daktari huitoa kwa ugonjwa wa ngozi uliokaidi, ipakwe palipougua tu, kwa kawaida isizidi wiki 2 mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Sasa mfikirie mwanamke ajipakaye mwili mzima, asubuhi na jioni, mwaka hata mwaka.

Mwanzoni hupendeza. Mishipa midogo ya damu hubana, seli za rangi hulegea kazini, ngozi hutakata. Baadaye ngozi huwa nyembamba, chunusi hutoka, vinyweleo huota usoni, michirizi mipana hujichora mapajani. Choa huenea hali sura yake imebadilika, hata mganga asiitambue upesi. Vidonda hukawia kupona, na kwa aliyejifungua kwa upasuaji hilo si jambo dogo. Tena dawa hupenya hadi damuni: uso huvimba na kuwa mviringo, shinikizo la damu na sukari hupanda, mifupa hudhoofika, hedhi huvurugika. Watafiti waliochapisha matokeo yao ya Dakar, Senegali, mwaka 2007, waliona kwamba wajawazito waliotumia steroidi kali walizaa zaidi watoto wenye uzito pungufu.

Zile tezi nazo, zikikuta homoni ya bandia imejaa, huacha kazi. Mtumiaji akikatiza ghafla, anaweza kuishiwa nguvu hata kuzimia, na ngozi yake ikawaka kama iliyoungua. Kwa hiyo simwambii mtu atupe kopo leo. Aende kwa daktari, amweleze ukweli wote, apunguziwe kwa mpango.

Najua watakaonijibu: "Wamejitakia wenyewe." Ni jibu la uvivu. Aliyemsifu binti kwa weupe wake akamwacha dada yake mweusi ni nani? Aliyechagua nyuso za matangazo ni nani? Na hata tukikubali kwamba mwanamke alitaka weupe, hakutaka kisukari. Mtu hawezi kukubali jambo alilofichwa, na aliyelificha ndiye anayestahili kushtakiwa.

Serikali zetu hazikulala kabisa. Rwanda ilianza kuziondoa bidhaa hizi madukani mwishoni mwa 2018. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza kati ya nchi na nchi vipodozi vyenye zebaki kupita miligramu 1 kwa kilo. Lakini macho yameelekezwa kwa zebaki na hidrokwinoni. Steroidi ni dawa halali, ina ruhusa ya kuingia nchini, na kutoka rafu ya famasia hadi meza ya sokoni ni hatua chache. Hapo ndipo nisipoelewa ukimya wa wakaguzi. Dawa inayohitaji cheti cha daktari inapopangwa kando ya sabuni na vitana, mchana kweupe, hakuna haja ya kutunga sheria mpya ili kuikamata.

Wewe, msomaji, unajua kusoma. Wengi wanaouziwa hawawezi kusoma maandishi yale madogo. Geuza kopo la mama, la shangazi, la mwenzako wa bwenini. Ukiona jina linaloanza na clobeta au betametha, rudi nalo dukani, umwulize muuzaji kwa adabu: cheti cha daktari kiko wapi?