Samaki Mmoja Akioza



Nina umri wa miaka 25 na ninasoma falsafa. Najua huo si umri wa kumfundisha mtu uongozi, hasa nikikumbuka kwamba wengi mnaosoma jarida letu mmelea watoto, mmeongoza jumuiya na kusimamia ujenzi wa makanisa. Lakini mwaka jana nilikabidhiwa uongozi mdogo, nikaukosea, na aliyenionyesha kosa langu hakuwa profesa wala kitabu. Alikuwa mzee mmoja wa Dakawa, mvuvi wa zamani wa Mto Wami. Naomba nianze na ya kwangu.

Sisi waseminari tuna mfuko wetu mdogo. Kila muhula tunachanga kidogo kidogo ili mwenzetu akiishiwa sabuni, akikosa dawa au akipata msiba, asiaibike. Mimi nilikuwa mwekahazina. Usiku mmoja baada ya Sala ya Usiku, ndugu mmoja alinijia akisema mama yake amelazwa na hali ni mbaya. Nilimpa nauli ya kwenda na kurudi na kitu kidogo cha kumnunulia mgonjwa matunda. Ilikuwa karibu nusu ya sanduku. Wiki mbili baadaye ikajulikana kwamba mama ni mzima wa afya, anauza ndizi sokoni kama kawaida, na zile fedha zimegeuka simu.

Niliumia. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi, ila nilijiona nimechezewa. Kwenye mkutano uliofuata nilisimama mbele ya wenzangu nikataja methali ambayo sote tumelelewa nayo, kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kisha nikapendekeza kwamba kuanzia siku ile isitoke hata senti moja bila barua ya paroko wa mwombaji, yenye mhuri. Walinipigia makofi. Nikarudi kukaa nikijiona mfalme Solomoni.

Muhula haujaisha, mwenzetu anayetoka parokia ya mbali milimani alipata habari kwamba baba yake amefariki. Ruhusa ya kuondoka Gombera alimpa palepale. Nauli hakumwuliza, maana alijua tuna mfuko. Kijana akaja kwangu, nami nikamwambia taratibu anaijua, alete barua. Paroko wake alikuwa kwenye ziara ya vigango ambako simu haishiki. Tulisubiri siku mbili. Barua ilipokuja, picha ya karatasi yenye mhuri ikitumwa kwa simu, nilimhesabia nauli mpaka shilingi ya mwisho. Alipofika nyumbani alikuta kaburi limeshafunikwa.

Hakunilaumu. Alirudi, akanisalimu, akaniletea chenji. Mpaka leo nikikumbuka ile chenji mkononi mwangu, nasikia aibu.

Likizo ilipofika nilipangiwa kwenda Dakawa kwa kazi za kichungaji. Asiyepajua aelewe hivi: ukitoka Morogoro mjini kufuata barabara ya Dodoma, unaiacha milima ya Uluguru nyuma, nchi inakuwa tambarare, na baada ya kilomita arobaini na kitu unaingia kwenye majaruba ya mpunga yanayonyweshwa na Mto Wami. Wakulima wapo, wafugaji wa Kimasai wapo, na malori ya kwenda Dodoma na bara hayalali. Nilifikia kwa familia moja ya jumuiya, na babu wa familia ile ndiye mzee ninayemsema. Katika miaka ya 1980 aliacha kuvua kwa muda akawa kibarua wa ujenzi kwenye kituo cha wakimbizi wa Afrika Kusini palepale Dakawa.

Jioni moja tulikuwa tunatoka kwenye sala ya jumuiya. Akaniuliza, "Frateri, mbona mambo ya seminarini huyasemi? Vijana wenzako wakija hapa hawanyamazi." Nikamsimulia yote, pamoja na methali yangu. Alinisikiliza, kisha akacheka kidogo. "Mimi nimevua Wami tangu utoto," akasema. "Samaki mmoja akioza unamtupa huyo mmoja. Wengine unawakaanga. Ungetupa tenga zima, watoto wangekula nini?"

Halafu akaniambia kesho yake nimsindikize mahali.

Mahali penyewe ni kando ya barabara kuu, panapoitwa Wami Sokoine. Ndipo tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Alizaliwa Monduli mwaka 1938, kwa hiyo alikuwa na miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa redioni, na wazee wetu wengi wanakumbuka walikuwa wamesimama wapi waliposikia sauti ile.

Hayo karibu kila Mtanzania anayajua. Kuna jambo jingine tunalolijua lakini hatulitafakari. Gari lililogongana na gari la Waziri Mkuu liliendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika Kusini, mmoja wa watu wa ANC ambao nchi yetu ilikuwa imewapa hifadhi. Kwa maneno mengine, aliyekuwa kwenye usukani alikuwa mgeni wetu. (Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba haikuwa ajali tu. Mimi sina la kuongeza katika hilo.)

Ili uone uzito wake, kumbuka wageni wale walifikaje. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto mwezi Juni 1976 kuzimwa kwa risasi, vijana wengi walikimbia Afrika Kusini. Serikali yetu iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, karibu na Morogoro mjini, wakajenga shule na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Watu walipozidi, mwaka 1982 wakapewa eneo jingine Dakawa.

Kuwapokea hakukuwa bure. Januari 1981 makomando wa Afrika Kusini walishambulia nyumba za ANC huko Matola, Msumbiji. Desemba 1982 wakafanya hivyo Maseru, Lesotho. Tarehe 16 Machi 1984 Msumbiji, ikiwa imebanwa na vita na njaa, ilitia saini mkataba wa Nkomati na makaburu na kukubali kutowapa ANC nafasi ya kupigania kutoka ardhini mwake. Sokoine alifariki kabla mwezi haujaisha tangu siku hiyo. Na sisi wenyewe tulikuwa na hali gani? Tulikuwa bado tunauguza gharama za vita ya Kagera, sabuni na sukari vikitafutwa kwa foleni.

Kama kulikuwa na siku ambayo taifa lingeweza kusema "basi, tumechoka, nendeni kwingine", ilikuwa siku ile. Sababu ilikuwepo, na machozi yalikuwepo. Nadhani hata jirani aliyelaumu angetuelewa.

Mzee aliniambia kwamba usiku ule hakulala. Alisikia watu wakisema wale wageni waondolewe. Alijihesabia kwamba kibarua chake kimekwisha. "Nilikuwa na hasira nao, Frateri, nisikudanganye," akasema. "Lakini kazi iliendelea. Tukapiga matofali kama jana. Wale vijana wengine walikuwa wanalia kuliko sisi."

Na kweli kazi iliendelea. Kituo cha Dakawa hakikufungwa. Nafasi ya Waziri Mkuu akapewa Salim Ahmed Salim, mtu aliyekuwa ametumia miaka yake Umoja wa Mataifa akitetea ukombozi wa nchi za Afrika. Agosti 1985, yaani miezi kumi na sita tu baada ya msiba, Oliver Tambo alikuja Morogoro kuifungua rasmi shule ya Mazimbu. Wageni wale walikaa nasi mpaka kwao kulipofunguka, na Julai 1992 wakatukabidhi majengo ya Mazimbu na Dakawa. Ukipita Mazimbu leo utakuta kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na kampasi hiyo inaitwa Solomon Mahlangu. Jina la mfiwa wetu na jina la mfiwa wao yamekaa kwenye kibao kimoja. Nimepita pale mara nyingi nikienda mjini, sikuwahi kuliona hilo.

Katika somo la mantiki tunafundishwa mwanzoni kabisa kwamba kutoka "baadhi" huwezi kuruka kwenda "wote". Ukijua baadhi ya S ni P, hujapata haki ya kusema kila S ni P. Mtihani ule nilifaulu vizuri. Kisha nikasimama mkutanoni, kutoka kwa ndugu mmoja aliyenidanganya nikatunga sheria kwa ndugu wote, na hakuna hata mmoja darasani aliyeinua mkono kunisahihisha, kwa sababu hasira yangu ilikuwa imevaa nguo ya methali.

Sisemi kiongozi awe mjinga. Kusamehe hakumaanishi kumkabidhi funguo aliyekuibia jana. Kosa lina mwenyewe, na mwenyewe lazima aulizwe. Dereva ni dereva, na yanayomhusu yana mahali pake pa kuamuliwa. Ila mtoto wa shule pale Mazimbu, aliyekuwa anajifunza hesabu saa ile ile magari yalipogongana, hakuwa kwenye usukani. Kiongozi ndiye anayepaswa kuliona hilo wakati watu wote, naye akiwemo, macho yamejaa machozi. Sisi tusiomba uongozi tunadhani kazi yake ni kuamua. Mimi sasa nadhani sehemu kubwa ya kazi yake ni kutoamua wakati wa hasira.

Sokoine mwenyewe anatufundisha upande wa pili wa jambo hili, na nalisema kwa heshima yote. Mwaka 1983 aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, wale waliokuwa wanaficha bidhaa watu wakikosa hata nguo. Wananchi walimpenda kwa hilo na wana haki. Lakini sheria iliyotungwa wakati ule iliwanyima watuhumiwa dhamana na mawakili na kuwapeleka kwenye mahakama maalumu. Mwaka uliofuata ilibidi ifutwe na kuwekwa nyingine. Nia ilikuwa njema kabisa, ila wavu ulikuwa na matundu madogo mno. Nikitazama barua yangu ya paroko yenye mhuri, naona wavu wa aina hiyo hiyo, tofauti ni kwamba mimi sikuwa napigania taifa, nilikuwa napigania fahari yangu.

Kuna wenzangu watakaoniuliza: mbona unalinganisha sanduku la waseminari na mambo ya nchi? Nakubali, ni mlima na kichuguu. Lakini sisi tunaandaliwa kuwa wachungaji. Kesho nitakuwa na parokia. Atakuja mtu atakayekula fedha za Caritas, au mkopaji wa VICOBA atakayetoroka na akiba za akina mama, au mgonjwa wa uongo. Nikizoea sasa kufunga mlango kila ninapodanganywa, nikifika miaka hamsini nitakuwa padre mwenye funguo nyingi na asiye na wageni. Na ninavyowaona baadhi yetu, tumeanza mapema. Tunajisifu kwamba "sidanganyiki". Sijui tangu lini hiyo imekuwa fadhila.

Nilirudi seminarini nikaomba mkutano. Nilieleza niliyoyaona Dakawa, nikamwomba radhi mwenzetu aliyefiwa mbele ya wote, nikapendekeza sharti la barua liondolewe. Majadiliano yalikuwa makali. Mmoja alisema, na alikuwa na hoja, kwamba fedha ni za jasho la wazazi wetu na tukilegea zitaisha kabla ya Pasaka. Mwishowe tulikubaliana kwamba msaada wa msiba na ugonjwa utolewe siku ile ile, wenzetu wawili wakimjua mwombaji na kukubali kusimama naye. Atakayedanganya atarudisha yeye, na jina lake halitatajwa kama sababu ya kumnyima mwingine. Yule ndugu wa simu anarudisha kidogo kidogo. Amebakiza shilingi elfu kumi na mbili.

Mimi nilitaka kukabidhi sanduku kwa mtu mwingine. Aliyekataa, akapendekeza niendelee nalo mpaka Juni, ni yule aliyezikiwa baba yake hayupo. Sikumwuliza kwa nini. Likizo ijayo tumepanga nipande naye mlimani, nikaone kaburi.