Msitupe rangi za harusi!

Wadau, hata huku Kinanie nimeletewa picha za harusi ya Kihindi iliyofanyika Nairobi, eti kwa kuwa mimi ni mtu wa kompyuta niwarudishie rangi. Mpiga picha aliwapa nyeusi na nyeupe tupu. Anaiita sanaa!

Tupige hesabu. Kanuni ya kawaida ya kijivu huchukua 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya buluu. Nyekundu ya 200 hutoa 60. Kijani cha 102 nacho hutoa 60. Sari ya bibi harusi na majani ya mwembe mlangoni vimekuwa kitu kimoja! Programu itabahatisha tu.

Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, alitumia filamu iliyokuwepo. Wewe unachagua. Ukipiga RAW, rangi zinabaki na kijivu unatengeneza baadaye. Ukipiga JPEG ya nyeusi na nyeupe, umezitupa.

Sikatai, machozi ya mama akimuaga binti hupendeza bila rangi. Lakini uamuzi ni wa familia. Jamani, kabla ya kulipa, daini faili zenye rangi. Mwasemaje?