Msitugombanishe juu ya CSU, mtuonyeshe karatasi

Wandugu wa Bukama, wa Luena, wa Kabondo-Dianda na wa Kikondja, vijana wenzetu wa Haut-Lomami yote,

Mwezi uliopita yaya yangu alizaa mtoto mwanamume. Alizaa salama, tunamshukuru Mungu. Lakini alikaa siku nane katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja jina, na si juu ya ugonjwa, ni juu ya deni. Hakuna mtu aliyemfunga kamba. Walichukua tu karatasi ya mtoto, wakamwambia: "Mama, utatoka siku bwana yako ataleta franga." Siku ya nane shemeki yangu aliuza kinga yake, ile alikuwa anabebea samaki kutoka mtoni mpaka gare. Deni likaisha, mama akatoka, na leo shemeki anabeba samaki kichwani.

Siku moja tulipokuwa tunangojea pale nje, wazee wawili waligombana chini ya mwembe. Mmoja alivaa kofia ya chama cha mamlaka. Mwingine kila mtu wa kartiye anajua ni wa upinzani.

"Kuzala ni bure! Raisi alisema, redio ilisema. Ni nyinyi bapinzani munaharibu kazi yake."

"Bure ya wapi? Ni bure ya mu televizio. Franga yote munakulia kule Kinshasa."

Waligombana karibu saa nzima, na sauti ilipanda mpaka wagonjwa wakachungulia dirishani. Hakuna hata mmoja aliyeingia ndani kuuliza deni la yule mama ni kiasi gani.

Siandiki haya ili kuwacheka. Ni baba zetu. Na sisi vijana tunafanya vilevile, tena na matusi ya kuongeza. Mtu akisema CSU ni jambo nzuri, wanamwita mtu wa kununuliwa. Akisema haijafika kijijini kwake, wanamwita mtu wa Kabila au mtu wa Katumbi. Ndiyo maana naomba tuangalie kwanza hiki kitu ni nini na kilitoka wapi, juu naona wengi wanaotukanana hawajui kwamba vyama vyao vyote vimetia mkono ndani.

CSU, ni kusema matunzo ya afya kwa watu wote, haikuanguka kutoka mbinguni mwaka wa 2023. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Halafu kuna sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya ya watu. Angalieni vizuri hiyo tarehe. Raisi alikuwa bado Joseph Kabila, na zilibaki siku 17 tu kufika uchaguzi. Ndani ya sheria hiyo CSU imo tayari. Kwa hiyo, ndugu yangu wa FCC, unapocheka CSU kwamba ni uongo wa UDPS, unacheka sheria ambayo raisi wako aliitia sahihi.

Mwaka wa 2022 serikali ya Waziri Mkuu Sama Lukonde, naye mtoto wa Katanga, iliunda vyombo vya kuitembeza: Mfuko wa Mshikamano wa Afya ambao unapaswa kulipa vituo, pamoja na chombo cha kuchunguza kazi yake. Wakati huo mawaziri wa Ensemble ya Moïse Katumbi walikuwa wanakaa katika serikali hiyohiyo. Walitoka mwisho wa mwaka huo, mkubwa wao alipotangaza kwamba atasimama kwenye uchaguzi. Tarehe 3 Machi 2023 ikatoka amri-sheria namba 23/006 iliyobadilisha ile ya 2018. Na tarehe 5 Septemba 2023 Raisi Félix Tshisekedi akazindua kule Kinshasa sehemu ya kwanza: mama mwenye mimba atunzwe bure, azae bure, hata kama ni kwa kupasuliwa, na mtoto wake atunzwe bure siku zake za kwanza. Miezi mitatu na nusu baadaye tukaenda kupiga kura.

Kwa hiyo kila upande una chake cha kujivunia, na kila upande una chake cha kunyamazia. Mimi nasema wazi kwamba wazo la kuzaa bure ni zuri, ni moja ya mawazo bora ambayo serikali hii imeleta, na sitalikataa kwa sababu lilizinduliwa karibu na kampeni. Mtoto wa yaya hakuuliza tarehe ya kampeni. Lakini nasema pia kwamba anayelitangaza kama jambo lililokwisha kumalizika, huku akina mama wanaacha vikwembe vyao kama rehani kwenye kituo, anatutukana.

Sasa niingie ndani ya kituo, kwa sababu kule ndiko mambo yanaharibikia, na ndiko wanasiasa hawapendi kuingia. Mimi nilisoma gestion. Kazi sina, kama wengi kati yenu. Mwaka jana mfanyakazi mmoja wa afya aliniomba nimsaidie kupanga vitabu vyake vya franga, kwa sababu zone ilikuwa inamdai ripoti. Nilikaa naye jioni tatu na taa ya tochi. Niliyoyaona ni haya. Franga zinazoingia zinatoka karibu zote mkononi mwa wagonjwa. Na zikishaingia, zinakatwa: sehemu ya kununua dawa, sehemu ya sabuni na mafuta ya taa, sehemu ya kupanda juu kwa ofisi, na inayobaki ndiyo wafanyakazi wanagawana. Kati ya wafanyakazi hao, wengine hawana matrikule. Serikali haiwajui. Hawapati mshahara wala prime. Wanakula kile mama anayezaa analipa.

Haya, mfikirie wenyewe. Unakuja kwa mtu ambaye chakula cha watoto wake kinatoka kwa mama anayezaa, unamwambia kuanzia kesho mama asilipe. Unamwambia Mfuko utalipa. Lini? Kiasi gani? Kwa njia gani, hapa ambapo kupata banki ni safari? Kama Mfuko haulipi, au unalipa baada ya miezi, yeye atafanya mambo mawili tu. Atafunga mlango, au atatafuta jina lingine la kuita malipo. Kuzaa ni bure, lakini mama anunue ganti, anunue sirenge, alete javeli, alipe karatasi. Ndivyo yaya alivyolipa. Si kwamba wale wafanyakazi ni wachawi. Mmoja wao alilia pamoja na mama yangu.

Tulishaona hii sinema. Septemba 2019 masomo ya msingi yalitangazwa bure, na mimi niliunga mkono, na bado naunga mkono. Watoto walijaa madarasani, wengine wakakaa chini. Lakini waalimu wasiokuwa na mshahara wa serikali walibaki vilevile, na wazazi wakaendelea kuombwa "kitu kidogo" kwa majina mapya. Bure ambayo haina mlipaji, mlipaji wake ni yule mnyonge wa mwisho.

Kuna wanaosema nchi nyingine wanaweza, sisi hatuwezi kwa sababu ya siasa. Si kweli kwamba ni sisi tu. Wakenya walikuwa na bima yao, NHIF, tangu 1966. Serikali ya William Ruto iliingia madarakani 2022, ikaiondoa na kuleta SHA, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, na mwenye mshahara anakatwa 2.75% ya mshahara wake. Upande mmoja ukasema ni wokovu wa wanyonge, upande mwingine ukasema ni wizi. Kesi zilienda mahakamani, hospitali za watu binafsi zikalia kwamba hazilipwi madeni, na katikati ya kelele hizo watu wa Raila Odinga waliokuwa upinzani wakaingia serikalini. Hata Marekani, sheria ya afya ya Barack Obama ilitiwa sahihi Machi 2010, na mwaka wa 2017 utawala mpya wa Donald Trump ulitaka kuivunja, ukashindwa kwa kura moja katika Seneti. Kwa hiyo kugombana si aibu. Lakini Mkenya aliyekatwa franga kwenye mshahara anaweza kusoma asilimia, na anaweza kwenda mahakamani na namba mkononi. Sisi tunagombana bila namba. Tunagombania kofia.

Na tusisahau jambo lingine. Huyo Trump aliporudi tarehe 20 Januari 2025, siku ileile alisimamisha misaada ya nje, na mwezi wa saba USAID ikafungwa. Haut-Lomami ilikuwa moja ya majimbo ambayo mradi wao wa afya, PROSANI, ulikuwa unasaidia. Mtu wa Washington alitia sahihi, na mtu wa hapa kando ya Lualaba, katika nchi hii ya maziwa ambapo kolera inarudi kila mara, akajikuta anahesabu dawa upya. Kuanzia siku ile mtu asituambie tena kwamba afya yetu itabebwa na wengine. Mwaka wa 2001, kule Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutoa 15% ya bajeti kwa afya. Mwaka wa 2001 mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Tuna serikali ya Waziri Mkuu Judith Suminwa tangu 2024. Tuna serikali ya jimbo iliyotoka katika uchaguzi wa magavana wa 29 Aprili 2024. Tuna wabunge wa kitaifa waliochaguliwa Bukama na wabunge wa jimbo wanaokaa Kamina. Hatuwaombi hotuba. Tunawaomba karatasi. Jina la kila kituo katika eneo la Bukama ambacho kimetia sahihi mkataba na Mfuko, na kile ambacho hakijatia, tujue. Mfuko ulilipa nini, mwezi gani, kwa kituo gani. Wafanyakazi wangapi hawana matrikule. Hiyo karatasi ibandikwe kwenye mlango wa kituo, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, si kwa Kifaransa peke yake, na iandikwe pale pia kitu gani mama halipi na kitu gani analipa. Kama jibu ni kwamba kituo fulani hakijaingia bado, basi waseme hivyo, ili mtu wa kinga auze samaki mapema na kuweka akiba kabla ya siku ya kuzaa. Hata ukweli mbaya unasaidia kupanga.

Kwa wabunge wa upinzani nina neno la pembeni. Nimewasikia mara nyingi mkisema CSU imeanguka, na mnasema kwa furaha fulani ambayo inanichoma. Katiba inawapa silaha: swali la mdomo, swali la maandishi, tume ya uchunguzi. Mwulizeni waziri wa afya. Mwulizeni waziri wa jimbo. Mkiuliza na mkakosa jibu, mje mtuambie kwenye soko, tutakuwa nyuma yenu bila kuvaa kofia yenu. Na kwa wale wa Union sacrée: kijana anayekuonyesha fakitire ya mama yake si adui wa Raisi. Huenda ni yeye peke yake anayemwambia Raisi kweli.

Sisi wa hapa tumeanza. Tangu juma lililopita tunakusanya karatasi za malipo ya akina mama waliozaa mwaka huu, katika kila kartiye na kwenye vijiji vya mtoni ambako tunaweza kufika kwa mtumbwi. Jina la mama tunalifuta na wino. Jina la mfanyakazi tunalifuta pia, hatutafuti wa kufukuzisha kazi. Tunabakiza tarehe, kitu kilicholipwa na franga. Aliye bila karatasi, aje aseme, tutaandika. Zikifika za kutosha tutapeleka nakala kwa munganga mkuu wa zone, kwa administrateta wa teritware na kwa wabunge wetu wote, wa kofia zote, siku moja na saa moja, ili asiwepo wa kusema tulianza na fulani.

Ya yaya yangu ni namba moja kwenye bahasha. Ina mistari sita, na mstari wa tano umeandikwa "mbalimbali". Tutaanza kwa kuuliza hiyo "mbalimbali" ni nini.