Barabara ije, lakini fidia itangulie



Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu mashamba ya wanakijiji yanayoguswa na upanuzi wa barabara kuu.

Kwanza nieleweke kwamba sipingi barabara. Sisi wa vijijini ndio tunaoijua adha ya mahindi kuoza wakati wa masika kwa kukosa lori. Ninachopinga ni mtindo wa kumwekea mkulima alama ya X, kumkataza kupanda na kujenga, kisha kumwacha bila jibu.

Sheria ya Barabara Namba 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Mita 7.5 huonekana kidogo kwenye karatasi, lakini shamba lenye urefu wa mita 200 kando ya barabara hupoteza mita za mraba 1,500, yaani zaidi ya theluthi ya ekari. Tena aliyekuwa akilima hapo hakuifuata barabara, bali barabara ndiyo iliyomfuata.

Shamba la familia yetu limo katika hesabu hiyo. Wathamini walifika, wakahesabu miti, mama yetu akaweka dole gumba kwenye fomu ambayo nakala yake hakupewa. Misimu miwili imepita bila kupanda upande ule, wala hajalipwa hata senti. Akiuliza kijijini huelekezwa wilayani, na wilayani hurudishwa kijijini. Mama mjane asiyejua kusoma atapigwa danadana hadi lini?

Sheria haina kasoro hapa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, na inaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 nayo inataka malipo yafanyike ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, yakichelewa yaongezwe riba, na miaka miwili ikipita uthamini urudiwe.

Kwa hiyo nawashauri wahusika mambo matatu. Mosi, haki hizi zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kabla alama ya kwanza haijawekwa. Pili, kila anayetia sahihi au dole gumba apewe nakala yake kwa Kiswahili. Tatu, fedha za fidia zitengwe kabla ya kumzuia mtu kulima.

Nasi walimu na viongozi wa vijiji tusikae kimya. Tuwasomee wazee wetu fomu hizo kabla hawajaziwekea dole.

Maendeleo ya wengi yasijengwe juu ya njaa ya wachache.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Iringa.